Tangazo la Tatu

"Mdomo wako ungetiwa kufuli, Mama Anderson, mtaa huu ungelala usingizi."

"Na wewe ungejibu barua ya watu, mwanao asingekuwa amejikunyata humo ndani kama mfiwa. Usinitolee macho mimi."

"Nakuuliza tena. Nani alikutuma uje kumwambia mwanangu?"

"Nitumwe na nani? Mchungaji kasoma mbele ya usharika mzima, na masikio ninayo. Kefa Sanga wa Makete na Nelly Mgaya wa hapa hapa Makambako. Tangazo la kwanza limeshapita, la pili limesomwa Jumapili hii iliyotoka. Imebaki moja. Ulitaka mtoto alisikie hilo la tatu akiwa amesimama kwenye benchi na kitabu cha nyimbo mkononi?"

Hapo Mama Justine, ambaye jina lake la ubatizo ni Telesia, akavuta kitenge chake mabegani. Yeye na jirani yake Jeni, huyo Mama Anderson, walikuwa wamesimama kila mmoja upande wake wa ukuta wa matofali ambao haujawahi kumaliziwa, na asubuhi ile ya baridi ya Julai nyumba nne za jirani zilikuwa zimekumbuka kwa pamoja kutoka kuanika nguo. Nguo zenyewe zilikuwa kavu.

"Barua sikuitupa," Telesia akasema, sauti ikiwa imeshuka. "Iko ndani ya Biblia yangu. Kwetu barua ya posa ikikataliwa inarudishwa kwa mkono wa aliyeileta. Isiyorudishwa bado inazungumzwa."

"Miaka minne mnazungumza nini? Bei ya mahindi?"

"Justine alikuwa hajaolewa. Ningemtoa mdogo kabla ya mkubwa, wewe huyo huyo ungetutangaza mpaka Kidugala."

"Hilo kweli ningetangaza," Jeni akakiri, maana pamoja na umbea wake wote, uongo hakuwa nao. "Lakini Justine kaolewa mwezi wa sita. Mimi mwenyewe nilipika pilau. Tangu siku ile mnangoja nini?"

"Tunangoja waje. Upande wa kike hautumi mtu."

"Basi ndiyo hivyo. Wamekwenda kwa wengine."

Ndani ya nyumba, kwenye kigoda kando ya jiko la mkaa, Esteria aliyasikia yote huku akifunga kamba za buti. Alikuwa na miaka thelathini na minne, kumi na mmoja kati ya hiyo ameitumia kuongoza wageni kwenye milima ya juu ya Njombe, na Jumapili zote mbili za matangazo alikuwa huko huko juu, kwa njia nyingine, anawapigia picha Wajerumani. Jana jioni Jeni alikuwa ameingia na bakuli la njegere kama kisingizio. Njegere hazijaliwa mpaka sasa.

Alipotoka na begi mgongoni, wanawake wote wawili wakanyamaza. Hata kwenye kamba za nguo pakawa kimya.

"Unakwenda wapi?" mama yake akauliza.

"Juu."

"Una wageni leo?"

"Sina."

Telesia alimtazama toka buti mpaka kofia ya sufu. "Esteria, mwanamke hamfuati mwanamume mlimani. Watasema sisi ndio tuliokutuma."

"Hujanituma, mama. Ungenituma ningekwenda mwezi wa sita."

"Mwache aende," Jeni akasema kutoka ng'ambo ya ukuta. "Akasikie kwa mdomo wa mwenyewe. Ila mwanangu, ukirudi pitia kwangu kwanza."

*

Njombe mjini alifika kabla ya saa tatu. Alikunywa chai ya maziwa akiwa amesimama, akasalimiana na wauza parachichi, na madereva, na dada wa duka la betri, kila mmoja akimuuliza wageni wako wapi leo, naye akijibu wapo nyuma wanakuja. Fuso lililokuwa likipanda kufuata mbao likambeba mpaka mwisho wa barabara, pale msitu wa misindano unapoishia na nyasi zinapoanza. Alipomshukuru dereva na gari likageuka, hakukubaki sauti nyingine isipokuwa upepo.

Mtu asiyeijua milima huanza kwa mbio. Akifika nusu anakaa chini, anauliza kumebaki kiasi gani. Esteria huanza kama anayekwenda kuazima chumvi kwa jirani, mdogo mdogo, mdomo umefungwa, pumzi kwa pua, na mwendo huo huo ndio atakaofika nao. Njia hiyo aliijua kwa nyayo. Aliijua sehemu ambayo umande huganda mpaka saa sita, akakanyaga pembeni, kwenye mashina ya nyasi. Aliujua mto unaoonekana hauna kina, akaenda kuvukia juu, kwenye mawe.

Kwenye kona ya kwanza akasimama na kugeuka nyuma ahesabu watu.

Hapakuwa na mtu. Ilikuwa mazoea tu. Miaka kumi na mmoja kila kona anahesabu vichwa, sita, nane, kumi, wote wapo, twende. Leo alisimama pale na kidole chake hewani, akitazama njia tupu iliyoteremka mpaka kwenye ukungu. Akakishusha kidole, akakitia kwenye glovu.

Alimfahamu Kefa kwenye njia hii hii. Kefa ndiye mtunzaji wa Kibanda cha Juu, kama wenyewe wanavyokiita, kwa sababu juu yake hakuna kingine isipokuwa mawe na mawingu. Kibanda kiko mita elfu mbili na mia nane na kitu, vyumba viwili na jiko, bati limewekewa mawe upepo usilichukue. Watu wa misitu walikijenga zamani, kisha kikundi cha waongoza wageni kikakichukua na kumweka Kefa. Mwanamume mrefu, mpole, mwenye maneno machache kama mtu anayelipia kila moja. Miaka sita Esteria alikuwa akifika na wageni wake waliochoka, anakuta maji ya moto yapo, kuni kavu zimepangwa, na kikombe kimoja cha bati kimewekwa pembeni, mbali na vikombe vya wageni. Hakuna aliyemwambia kuwa ni chake. Alikijua tu.

Mwaka wa saba Kefa akamtuma mshenga wake, Mzee Hilario, na barua. Nyumba ikapokea, ikasema tumesikia. Esteria mwenyewe akapanda kumwambia, "Dada yangu hajatoka. Subiri." Kefa akasema, "Nitasubiri." Yakaishia hapo. Miaka minne hawakulirudia neno hilo tena, kwa adabu, kila mmoja akidhani mwenzake analibeba upande wake.

Mwezi wa sita, Justine alipoolewa, Esteria alikaa na simu mkononi nusu saa nzima. Mwishowe akaandika: Justine kaolewa Jumamosi, tumecheza mpaka magoti yanauma. Akatuma, akajua amesema yote ambayo mwanamke aliyelelewa vizuri anaweza kusema. Siku tatu baadaye, maana kule juu mtandao unapatikana kwenye jiwe moja tu, jibu likaja: Hongereni sana. Mungu awabariki.

Akaona haya kwa niaba yake. Akajisemea, huyu naye, aibu zitamuua. Akakaa kusubiri mshenga.

Saa nane na nusu akakiona kibanda, na moshi wake. Akasimama.

Moshi ulikuwa mzito, mweupe kama maziwa, unatambaa juu ya bati badala ya kupanda. Zilikuwa kuni mbichi. Katika miaka yote Kefa hajawahi kuingiza kuni mbichi jikoni. Moshi wake siku zote huwa mwembamba, wa buluu, ukiuona toka mbali unajua chai ipo tayari. Leo jiko lile lilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Esteria angeweza kugeuka. Miguu ilikuwa na nguvu ya kumrudisha mpaka barabarani kabla ya giza. Lakini alishawaambia wageni wengi kwamba kibanda kikionekana mtu harudi nyuma, na miguu ikaufuata mdomo.

Kwenye kizingiti palikuwa na viatu jozi mbili, raba nyekundu ndogo na viatu vya plastiki vya mtu mzima. Na dirisha, ambalo miaka yote lilifunikwa na ukungu tu, lilikuwa na pazia jipya la maua ya waridi, bado lina mikunjo ya dukani.

Kefa alikuwa nyuma ya nyumba, anapasua kuni. Alimwona, akashusha shoka taratibu, akaliegemeza kwenye gogo kama kitu kinachovunjika.

"Kamwene, Esteria."

"Kamwene."

"Leo huna wageni."

"Leo mgeni ni mimi." Alivua begi, akaliweka chini. "Nani yuko ndani?"

"Nelly. Na shangazi yake. Walilala kwa dada yangu bondeni, wakapanda asubuhi. Wamekuja kuona nyumba. Saa kumi wanateremka." Aliyasema yote mfululizo, na kwa Kefa hayo yalikuwa maneno ya wiki nzima. "Hawalali hapa."

"Sijauliza wanalala wapi."

"Najua."

Upepo ulipita kati yao, ukaondoka na vipande vya maganda ya kuni. Esteria alikuwa amepanga maneno njiani, kona kwa kona, na sasa hakuliona hata moja.

"Nilikuandikia," akasema.

"Ulinipasha habari za Justine."

"Ulijua nimekuambia nini."

Kefa alitazama upande wa lile jiwe la mtandao. "Nilijua. Nilisoma nikiwa nimesimama pale. Nikakaa mpaka baridi ikanitoa, vidole havishiki simu. Siku ile barua ya kwa kina Nelly ilikuwa imeshajibiwa. Siku tisa kabla."

"Siku tisa."

"Siku tisa."

Esteria akacheka kidogo, kicheko kisicho na mtu ndani yake. "Si ulisema utasubiri?"

"Nilisubiri, Esteria. Mwaka wa kwanza baba akaniuliza, wamejibu? Nikasema bado. Wa pili akaniuliza, nikasema bado. Wa tatu akaacha kuuliza, akawa ananitazama tu. Kwetu barua isiyojibiwa mwaka mzima imekataliwa kwa heshima. Hawakurudishii ili usiaibike. Mzee Hilario mwenyewe alishanihesabia kuwa nimekataliwa, mimi ndiye niliyekuwa nabisha."

"Kwetu ingekataliwa ingerudishwa. Mama ameiweka kwenye Biblia."

"Kwenye Biblia?"

"Kwenye Zaburi. Niliiona."

Kefa alikaa chini juu ya gogo. Mikono yake mikubwa ilining'inia katikati ya magoti, haina kazi. "Mtu mmoja angekuja kusema hivyo," akasema. "Hata mtoto wa jirani. Angesema tu, barua ipo, kaeni."

"Na wewe ungeuliza. Mara ngapi nimelala chumba hicho, wewe uko hiki, ukuta wa mbao katikati? Nasikia unavyogeuka. Ungegonga ukauliza."

"Ungejibu?"

Alifungua mdomo kusema ndiyo. Akajikumbuka alivyokuwa akiamka kabla ya jua, anakunywa chai ya kikombe kile, anahesabu vichwa, anaondoka. Mara zote yeye ndiye aliyekuwa akiondoka. "Ningesema subiri," akasema kwa sauti ndogo.

Ndani kitu kilidondoka, sufuria au mfuniko, na sauti ya mwanamke mtu mzima ikalalamikia moshi.

"Jumapili ni tangazo la tatu," Esteria akasema.

"Najua."

"Mchungaji atauliza kama kuna mwenye pingamizi."

Kefa akainua uso. Macho yale Esteria aliyafahamu kuliko njia, na sasa yalikuwa mekundu, naye akajiambia kuwa ni moshi. "Ukisimama," Kefa akasema, "mimi sitakukana. Sitasema uongo kanisani. Nitasema ni kweli niliposa kwenu, na kwamba mpaka leo..." Akaishia hapo. "Ukisimama, Esteria."

Ndoa ikawa mkononi mwa Esteria hivyo, nzima nzima. Neno moja, Jumapili saa nne asubuhi, mbele ya Mama Anderson na usharika wote. Moyo ulimruka kama wa msichana. Kisha palepale, chini ya furaha hiyo, akapata hasira: mpaka hapa tulipofika, bado kusimama ni kazi yangu.

Mlango wa jiko ukafunguliwa. Akatoka msichana mfupi, wa miaka ishirini na tano hivi, macho yanamtiririka machozi ya moshi, mwiko mkononi, sweta mbili amezivaa moja juu ya nyingine.

"Kefa, haya maharage yana nini? Toka saa tatu yako motoni." Akamwona mgeni, akaufuta uso kwa mkono. Hakuuliza ni nani. Alitazama buti, akatazama begi, na Esteria akaona jinsi alivyovuta pumzi na kuishikilia. "Shikamoo, dada Esteria."

"Marahaba. Unanijua?"

"Kila aliyepita hapa anakusema. Na yeye ameniambia." Akamtazama Kefa, kisha akatazama chini. "Yote ameniambia. Nilimwambia nisingependa kusikia mtaani."

Basi hakuwa mjinga wala mwizi. Esteria alitamani awe mmojawapo, ingemrahisishia.

"Maharage huku hayaivi," akamwambia. Ndivyo anavyowaambia wageni, sauti ilijitokea yenyewe. "Maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Chemsha kule chini, uje nayo yameiva, hapa unayaunga tu. Na kuni hizo ni mbichi. Kavu ziko chini ya kitanda cha chumba cha pili."

"Chini ya kitanda? Mbona hajaniambia?"

"Hasemi mpaka aulizwe. Ukitaka aongee, mkute anapasua kuni. Mikono ikiwa na kazi ndipo maneno yanatoka. Ukimkalisha mezani hupati kitu."

Kefa alikuwa ameinamisha kichwa. Nelly alisikiliza kama mwanafunzi, mwiko ameukumbatia kifuani.

"Dada, naweza kukuuliza?" Alisogea hatua moja, sauti akaipunguza. "Kwetu tuko kumi na wawili ndani ya nyumba. Sijawahi kulala chumba peke yangu. Hapa nimesimama dirishani asubuhi, sijasikia hata jogoo. Nimeogopa. Wewe unawezaje ukimya huu?"

Esteria alitazama mabonde, safu kwa safu, mpaka pale Njombe inapokuwa ukungu tu na Makambako haipo kabisa. Miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Wageni huuliza kuhusu maua.

"Sikuwahi kuwa peke yangu huku," akasema. "Kulikuwa na mtu chumba cha pili. Ukijua yupo, ukimya haukusumbui."

Akasikia alichokisema baada ya kukisema. Kefa naye alikisikia, maana alisimama, akampa kila mtu mgongo, akaokota shoka na kulishika bila kupasua chochote. Nelly alimtazama yule, akamtazama huyu, na machozi yake sasa hayakuwa ya moshi. Alirudi jikoni, akauvuta mlango nyuma yake polepole, akawaacha.

Ni kile kitendo cha kuuvuta mlango kilichommaliza Esteria. Nelly angepiga kelele, Esteria angesimama naye kanisani wakavuana vitambaa, Jeni akasimulia mpaka Krismasi. Msichana aliyewapa nafasi waagane, huyo utamwekea pingamizi gani?

"Jumapili sitakuwepo," akasema. "Nina wageni."

Kefa hakugeuka. "Daftari la kibanda halina wageni Jumapili."

"Wa mlima mwingine."

"Mlima gani?"

"Kefa."

Mabega ya Kefa yalipanda mara moja, yakashuka. Kisha akasema, bado amempa mgongo, "Kikombe chako nikupe uende nacho?"

"Kiache. Nyumba yenye watu inahitaji vikombe."

Akavaa begi. Alifunga mkanda wa kiunoni, akavuta kamba za mabegani, moja, nyingine, kama alivyofanya mara mia mbele ya mlango huu. Saa tisa na nusu. Akishuka kwa njia ya ukingo, giza litamkuta barabarani, na malori ya mbao yatakuwa yameshapita, atatembea. Nyumbani kuna mama, kuna Jeni, kuna mtaa mzima unaomngoja na masikio wazi, na hakuna kati yao ambaye yeye angeweza kumsimulia hiki kilichomtokea. Akamtazama Kefa mgongoni mara ya mwisho, akageuka, akapiga hatua tatu.

"Dada."

Nelly alikuwa mlangoni. Nyuma yake shangazi alikuwa akipanga sahani, nne, na moshi uliokuwa ukitoka juu ya bati ulikuwa umeanza kuwa mwembamba.

"Usishuke na njaa," Nelly akasema. Aliusukuma mlango mpaka ukagusa ukuta, akasogea pembeni kupisha. "Maharage ni magumu, ndiyo. Viazi vimeiva. Vua buti, dada, ingia ule."